Mzee wa Ndani ya Kaseti

Juma lililopita mtoto wangu Heri alivuta tochi ya zamani kutoka chini ya kitanda, akaifungua, akaziba pua. Betri zilikuwa zimevuja ndani. "Mama, njo nini inanuka hivi?" Badala ya kumwambia akaitupe, nilimnyang'anya nikainusa mpaka nikafumba macho. Akanitazama akidhani nimepagawa. Wenzangu mliokulia Kindu wakati wa vita, nyinyi hamna haja ya kuelezwa. Betri iliyoota jua juu ya bati ina harufu yake, na wengi wetu tuliijua kabla ya kujua harufu ya sabuni ya duka. Kwangu mimi harufu hiyo ni ya rock.

Ndiyo, rock. Chekeni mmalize, ndipo niendelee.

Tulikaa mtaa wa Kasuku, nyumba ya matofali yenye baraza la nyuma: mama, shangazi Mwajuma, mimi, na mjomba Asumani, mdogo wake mama. Baba alikuwa amekwenda Kisangani kikazi, barabara ikafungwa nyuma yake. Alirudi salama baadaye, msihangaike naye. Mjomba alikuwa fundi wa baiskeli. Mimi nilipewa jina la marehemu mama yake, kwa hiyo aliniita Mama, na mtu mzima akikuita Mama ukiwa na miaka minane, kichwa lazima kivimbe. Nilikuwa najibu "Karibu, mwanangu" na yeye anainama kama mtoto mwema. Mama yangu mzazi alisema tunachezea heshima. Hatukuacha.

Mjomba alikuwa na redio-kaseti kubwa ya kula betri sita, na rafiki wawili waliokuja kila alasiri. Wa kwanza ni Kitenge, mtu wa reli. Alipaka grisi magurudumu ya treni mpaka treni zikaacha kuja, akabaki na grisi kwenye kucha na hamu ya kula isiyoisha. Wa pili ni Mwalimu Salumu, aliyefundisha madarasa ya chini, na ambaye alijua Kiingereza kidogo na uongo wa kutosha kujazia palipobaki.

Kaseti aliileta Kitenge. Ilikuja na treni ya mwisho kutoka Lubumbashi, ambako binamu yake mwanafunzi aliirekodi kutoka kaseti ya mwenzake, naye mwenzake sijui kutoka wapi. Haikuwa na jina la mwimbaji wala la wimbo. Ubavuni palikuwa na maandishi ya kalamu ya bic: ROCK 2. ROCK 1 iko wapi, mpaka leo hatujui. Upande wa pili ulikuwa na kwaya, kwa sababu binamu huyo alikuwa mtu wa kubana matumizi. Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo tano. Nne zilikuwa fupi, za vijana wenye magitaa yaliyokwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Ya tano ilikuwa ndefu, ndefu hasa. Ilianza polepole, gitaa moja tu, halafu ikakasirika, ikatulia, ikageuka, ikakimbia. Mwalimu alisema aina hiyo inaitwa metali progresivu, yaani chuma kinachosonga mbele. Kitenge, mtu wa reli, aliliafiki jina hilo kabisa.

Mtaani kwetu watu walisikiliza rumba, kwaya na kaswida. Siku ya kwanza kaseti ile ilipolia, jirani yetu Mama Zaina alisimama uani na ungo mkononi.

"Asumani! Munatesa nani mule ndani?"

"Hapana, Mama Zaina, njo muziki."

"Muziki? Muntu iko analia vile, unaniambia muziki? Mufungulie aende kwao!"

Alilalamika kwa imamu, imamu akasema ni jambo la wakristo. Akalalamika kwa mchungaji, mchungaji akasema ni jambo la vijana. Hivyo rock ikabaki.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini wanaume wale watatu waliupenda muziki ule kiasi kile. Siku hizo tulijifunza kutembea taratibu na kuongea chini. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya mto, Alunguli, na ng'ambo hatukwenda, tulingoja tu. Mikononi mwao hamkuwa na treni, wala tairi, wala chaki. Kisha ndani ya redio kulikuwa na mtu anayepiga kelele kwa moyo wote bila kumwogopa mtu yeyote. Mimi naona walimpenda kwa hilo. Mwalimu alitutafsiria: "Hapa anasema mvua imenyesha juu ya roho yake." Wiki iliyofuata, pale pale: "Hapa anasema mama wa binti amekataa posa." Kitenge akilalamika, Mwalimu anamjibu, "Wewe baki na grisi yako."

Kazi yangu ilikuwa betri. Betri mpya hazikuwepo mjini. Zile sita za mjomba zilikuwa zimekufa na kufufuka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila asubuhi nilizianika kwenye kipande cha bati mbele ya baraza, nikazigeuza moja moja kama samaki ili ziive pande zote. Saa tisa mjomba alizishika, akaziuma kidogo kwa meno, akasema, "Mama, leo zimeiva," tukaingia ndani. Kuupeleka utepe nyuma tulitumia kalamu, tukiizungusha kaseti hewani, ili nguvu ya betri isipotee kwa kazi ya mikono. Siku ya mvua hakuna rock. Nilikuwa naichukia mvua kama mwenye arusi.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Betri za namna hiyo hazina nguvu ya kuuvuta utepe inavyopasa. Utepe unakwenda polepole, na sauti inashuka, inakuwa nzito, inakokota. Mimi sikulijua hilo. Nilichosikia ni mzee. Mzee mkubwa, mwenye kifua kipana, aliyechoka sana, anayeimba huku akipanda mlima. Kadiri wimbo wa tano ulivyosonga na betri zilivyopoa, ndivyo alivyozidi kuchoka. Nilikuwa namwonea huruma sana. Kila alasiri nilibakiza kipande cha muhogo wa kuchemsha, nikakiweka kwenye kisahani kando ya redio. Wakubwa walitazamana. Na wimbo ukiisha, kisahani kilikuwa kitupu. Ningefanyaje nisiamini?

Lakini kuisha si neno lake, maana wimbo ule haukuisha hata siku moja. Binamu wa Lubumbashi aliurekodi nafasi ya upande ule ikiwa imebaki ndogo. Basi Mzee alipanda na kupanda, ngoma zikamfuata, sauti ikafika mahali ambapo unajua kabisa kwamba sasa anataka kusema lile alilolijia, na hapo hapo: tak! Utepe umefika mwisho, kitufe kimeruka. Kimya. Mara ya kwanza nilimshika mjomba mkono. "Amekufa?" Mjomba akafikiri. "Hajakufa. Amekaa kupumzika." Lakini kesho yake akaanza upya kutoka chini kabisa ya mlima, na tak! pale pale. Tangu hapo nikawa na haja moja tu duniani, si baba, Mungu anisamehe, si chumvi, wala si kiatu: nilitaka Mzee afike.

Wale watatu hawakuweza kuvumilia kile kimya. Baada ya tak waliumalizia wimbo wenyewe kwa midomo. Mjomba alikuwa gitaa, Mwalimu alikuwa mwimbaji, Kitenge alipiga ngoma juu ya ndoo. Kila siku mwisho tofauti. Siku moja Mzee anashinda, siku nyingine anaoa. Lakini palikuwa na tatizo. Kabla ya tak kuna mahali ambapo ngoma zinakwenda mwendo wa ajabu, na kila walipojaribu kuupiga mwendo huo, waligongana.

"Njo nane," Mwalimu alisema. "Binamu yako aliharibu kaseti, pigo moja limekatika."

"Binamu yangu hakukata kitu!"

"Basi hesabu wewe."

Kitenge alihesabu, akapotea, akaanza tena, akapotea. Miezi ilipita wakibishana juu ya pigo moja, na mabomu yakilia mbali walinyamaza kidogo, halafu Mwalimu anasema, "Kama nilivyosema, nane."

Siku moja tulikuwa tunatwanga majani ya muhogo ya sombe uani, kinu kimoja, michi mitatu. Mama anapiga, shangazi anapiga, halafu mimi napaswa kupiga, tena mama. Mnajua inavyokuwa: ukichelewa unavunja mwendo, unatukanwa. Mikono yangu ilikuwa midogo na mchi ulikuwa mzito, kwa hiyo mama aliniruhusu nipige mara moja, halafu niwaachie wao mizunguko miwili nipumzike. Basi ikawa: mama, shangazi. Mama, shangazi. Mama, shangazi, mimi. Mama, shangazi. Mama, shangazi. Mama, shangazi, mimi. Ghafla nikamsikia Mzee. Sikumsikia kwenye redio, redio ilikuwa imezimwa. Alikuwa ndani ya kinu. Nikaanza kuimba sauti yake nzito juu ya michi, na ikakaa, ikakaa sawasawa kama mguu ndani ya kiatu chake.

Kitenge alitoka ndani mbio, nusura aangushe mlango. "Musiache! Mama Mukubwa, tafazali, musiache kutwanga!"

"Nani anaacha?" mama akasema. "Kwani utakula nini?"

Mwalimu akachuchumaa mbele ya kinu akihesabu kwa vidole. "Mbili. Mbili. Tatu." Akahesabu tena. "Saba," akasema kama mtu anayekiri kosa mbele ya hakimu. "Mutoto amepata. Ni saba."

"Nilisema kaseti ya binamu yangu ni muzima!" Kitenge alipaaza sauti, akaruka, akamkumbatia Mwalimu kwa nguvu. Mjomba aliniinua juu ya mabega pamoja na mchi wangu. Tulitwanga sombe ile mpaka ikawa uji. Hata Mama Zaina alisogea mpakani na akaanza kutikisa bega, akasema kwamba kumbe wimbo wenyewe una akili, shida ni yule mgonjwa anayeuimba. Tangu siku hiyo sikuwa tena mtu wa betri tu. Niliwekewa kigoda changu ndani, na baada ya tak, kinu kidogo cha pilipili kilikuwa cha kwangu.

Kisha ndege moja ya mizigo ikatua. Kitenge alikwenda kupakua magunia, akarudi na pakiti ya chumvi na betri sita mpya kabisa, bado zimefungwa kwa karatasi. Wanaume wale walizipitisha mkono kwa mkono kama watu wanaopokezana mtoto mchanga. Mjomba alizitia, akafunga kifuniko, akabonyeza.

Akatoka kijana. Kijana mwembamba, mwenye sauti ya juu, anayekimbia! Wimbo wote ulikimbia. Wale watatu walipiga kelele za furaha, Mwalimu alikuwa anarukaruka. Nami nikatazama redio, nikatazama kisahani changu cha muhogo, nikaanza kulia kwa sauti ambayo iliwashinda wote.

"Muzee wangu iko wapi? Mumemupeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Siku zile watu walikuwa wanapelekwa kweli, na wengine hawakurudi. Mjomba alizima redio, akapiga magoti mbele yangu. "Mama, usilie. Iko njiani. Ngoja kidogo." Akafungua kifuniko, akatoa betri mbili mpya, akachukua mbili zangu za kwenye bati, akazitia mahali pake.

"Asumani!" Kitenge alishika kichwa akizitazama betri zilizotolewa. "Mapile mupya! Tumengojea muda gani?"

"Tulingojea. Tutangojea tena."

Akabonyeza. Taratibu, kutoka chini ya mlima, Mzee akaja. Nililia upya, safari hii kwa furaha, na kamasi zikaingia mdomoni. Wale watu wazima, waliokuwa na betri mpya mikononi, walikaa wakasikiliza muziki wa kukokota kwa ajili yangu, na siku hiyo, na kesho yake. Leo nikiwa mama najua walichonipa. Sijapewa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Amani ilipokuja, redio iliitafuna kaseti. Utepe ulitoka wote kama utumbo wa kuku. Tulijaribu kuukunja, wapi! Lakini Alunguli sasa kulikuwa wazi, na mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke. Mjomba akaufunga utepe kutoka mti hadi mti juu ya shamba, kuwatisha ndege. Upepo ukipita, uliunguruma. "Unasikia, Mama?" alisema. "Muzee amepata kazi ya ulinzi." Nilikuwa nimekua, nilishajua habari ya betri. Hata hivyo nilimpungia mkono.

Miaka imepita mingi. Mwalimu Salumu alihamia Pangi, akafa huko akiwa babu wa wajukuu wanaosema uongo vizuri kama yeye. Heri wangu, bila kufundishwa na mtu, amekuwa mpenzi wa magitaa hayo hayo ya ujana wa mjomba. Yumo kwenye kundi la wapenzi wa rock ndani ya simu: watu wa Bukavu, Lubumbashi, Kinshasa, mpaka wengine wa Mombasa, wanabishana mchana kutwa ngoma ya nani ni nzito zaidi. Baada ya mambo ya tochi nilimsimulia yote haya. Akachukua simu akasema, "Mama, twanga."

Nikachukua kinu cha pilipili. Mbili, mbili, tatu. Nikaimba sauti ya Mzee, mimi mwanamke wa umri huu, ndani ya jiko langu. Akairusha kwenye kundi. Chai haijapoa, mtu wa Bukavu akajibu: "Huyo mama nampa heshima yangu yote. Wimbo wenyewe ni huu." Na wimbo ukafuata, mzima. Heri alitaka kuufungua pale pale. Nikamkataza. Kuna watu tulioanza nao.

Jumapili tulikwenda kwa mjomba. Tangu augue, mguu wake mmoja unaburuta na maneno yanamtoka machache, lakini macho ni yale yale. Kitenge alikuwepo, mvi tupu, anakula mihogo ya kuchemsha na mjomba wangu kwenye sahani moja. Heri akaweka simu juu ya meza, akabonyeza. Yule kijana mwembamba akaanza kukimbia. Kitenge akaanza kupiga saba kwenye ubavu wa kiti. Nilipomtazama mjomba, midomo yake ilikuwa inahesabu. Tukapanda, tukapanda, tukafika mahali petu.

"Tak!" mjomba akasema, na mkono wake ukaenda hewani kushika gitaa.

Wimbo haukukatika. Ulimpita. Mkono wake ulibaki pale pale hewani. Kijana alisema lile alilolijia, ngoma zikaanguka zote pamoja, halafu likabaki gitaa moja, lile la mwanzo, likacheza peke yake kidogo, likaacha.

"Eh," Kitenge akasema. "Ya kwetu ilikuwa muzuri kuliko hii."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanigeukia. "Mama. Na muzee wako?"

Heri hakuelewa. Nilimwambia aupunguze wimbo mwendo, mpaka sauti ishuke, kama betri zilizochoka. Alihangaika na simu, mara ya kwanza ukawa polepole lakini sauti ikabaki ya kijana, tukamzomea. Mara ya pili akapata.

Na Mzee akaja. Yule yule, kifua kile kile, anakokota. Nilikuwa na miaka minane tena na sikuona haya kulia mbele ya mtoto wangu. Alipanda bila haraka. Kwenye saba tulipiga sote, kiti, meza, goti. Alifika kwenye tak, akapita. Akasema neno lake lote kwa sauti ile nzito, akashuka upande wa pili na gitaa lake moja, akamaliza.

Mjomba alichukua kipande cha muhogo kwenye sahani, akakiweka kando ya simu. Kitenge, akitazama dirishani na kufuta macho, alinyoosha mkono kwa mazoea, moja kwa moja mpaka kwenye kile kipande, bila hata kukiangalia.

Mjomba akamchapa vidole.

"Acha! Leo amefika. Leo atakula mwenyewe."